Narudia mara mia, kesho yake kimepotea: niongeze marudio au nipunguze?

*"Nina umri wa miaka 41. Miezi saba iliyopita nilianza kujifunza piano, na wakati huohuo najiandaa kwa mtihani wa kitaaluma utakaofanyika baada ya miezi miwili. Kila usiku naketi kwenye piano na kurudia kipande kilekile mara 80, wakati mwingine 100, mpaka kitoke safi. Kesho yake ni kama sijawahi kukigusa. Daftari la mtihani nimelisoma mara kumi. Nikiuona ukurasa najua kilichoandikwa, lakini nikiulizwa swali nabaki kimya. Nimeambiwa jambo lolote ukilirudia siku 21 linakuwa mazoea, na wengine wanasema bila saa 10,000 hufiki popote. Sasa yapata wiki tatu kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma upande wa kidole gumba. Je, ubongo wangu umeshazeeka? Niongeze marudio au nipunguze?"*

Pole kwa mkono. Jibu fupi ni hili: punguza idadi ya marudio katika kila kikao, ongeza nafasi kati ya rudio na rudio, na mkono huo uonwe na mtaalamu kabla hujaendelea na kipande hicho. Kwa dalili ulizozitaja, ubongo wako hauna kasoro. Mtu yeyote anayerudia kwa namna unayorudia wewe, awe na miaka 16 au 61, angepata matokeo kama yako.

Kinachokupotosha ni ule usafi wa usiku. Ukishapiga kipande mara 80 mfululizo, jaribio la 81 haliombi chochote kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mpangilio wa vidole bado uko mkononi, umeutumia sekunde chache tu zilizopita. Hiyo ni hali ya muda, na inaisha ukishalala. Kujifunza kwenyewe hupimwa kesho yake, kwenye jaribio la kwanza kabisa, vidole vikiwa bado vya baridi. Jaribio hilo moja linakueleza mengi kuliko yote 80 ya jana, na ndilo wengi wanalolipuuza kwa sababu linaudhi. Wanalipita haraka, wanapiga tena mara 80, usafi unarudi, wanalala wameridhika.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1979, John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya mkono iliyotakiwa kufanywa kwa haraka. Kundi la kwanza lilifanya mfuatano mmoja mpaka marudio yake yote yaishe, ndipo likaenda kwa wa pili. Kundi la pili lilichanganyiwa yote mitatu bila mpangilio. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora waziwazi. Walipopimwa baada ya siku kumi, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamebakiwa na ujuzi zaidi. Sababu yake ni kwamba kila wanapohama kutoka mfuatano mmoja kwenda mwingine, ule wa kwanza unaanza kufifia, na wanaporudi kwake wanalazimika kuujenga upya. Huko kujenga upya ndiko kunakoacha alama. Wewe, ukirudia mfululizo, unajenga mara moja usiku mzima na mara 79 zilizobaki unapita juu ya kilichokwisha kujengwa.

Ndani ya ubongo mambo yanakwenda hivi. Seli za neva huwasiliana kwenye viungio vidogo viitwavyo sinapsi. Ukifanya jambo mara moja au mara kadhaa kwa mkupuo, sinapsi zinazohusika huimarika kwa muda: kemikali ya kupitisha ujumbe hutolewa kwa wingi zaidi, kwa kutumia protini ambazo tayari zipo. Nguvu hiyo huisha baada ya dakika au saa kadhaa. Ili alama idumu, ujumbe lazima ufike kwenye kiini cha seli, jeni fulani ziwashwe, protini mpya zitengenezwe, na viungio vyenyewe vibadilike umbo au viongezeke. Kazi hiyo inachukua saa nyingi. Kuendelea kugonga mlango uleule wakati seli haijamaliza kazi hakuiharakishi.

Eric Kandel, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, alionyesha haya kwa mnyama wa baharini asiye na gamba la nje, jamaa wa konokono aitwaye Aplysia. Mnyama huyo akiguswa hurudisha ndani yavuyavu lake, yaani kiungo cha kupumulia, na akiguswa tena na tena huzoea na kuacha kujikunyata. Migusano 40 mfululizo ilimfanya azoee kwa siku moja tu. Migusano hiyohiyo 40, ikigawanywa kumi kwa siku kwa siku nne, ilimfanya azoee kwa majuma. Idadi ni ileile na mnyama ni yuleyule. Nafasi katikati ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kwa hiyo unapouliza kama uongeze au upunguze, swali lenyewe limeegemea upande usiofaa. Usihesabu tu marudio mangapi, tazama pia yametengana kiasi gani na kila moja linakudai nini.

Kuna suala jingine ambalo wanafunzi wa muziki hawapendi kulisikia. Rudio lenye kosa nalo huacha alama ubongoni, kama rudio sahihi.  Ikiwa kati ya mara 80 unakosea 60 za mwanzo na kupatia 20 za mwisho, umelifanyia mazoezi kosa mara tatu ya ulivyofanyia usahihi. Mwaka 2009, Robert Duke na wenzake walichapisha utafiti uliowatazama wapiga piano 17 wa chuo kikuu huko Texas wakijifunza kipande kifupi cha mtunzi Mrusi Shostakovich, kisha wakawapima kesho yake. Muda waliotumia haukutabiri nani angepiga vizuri, wala jumla ya mara walizorudia. Kilichotabiri ni sehemu gani ya marudio yao ilikuwa sahihi. Waliofanya vizuri zaidi walikosea pia, lakini kosa lilipotokea walisimama, wakatafuta lilipo, wakapunguza mwendo mahali hapo mpaka likaondoka. Hawakurudi mwanzo wa kipande na kukimbilia shimo lilelile.

Tuje basi kwenye kiti cha piano. Haya yafanye mkono ukisharuhusiwa kurudi kazini.

Kata kipande kinachokusumbua kiwe kifupi, sekunde nne hadi nane za muziki, na uongeze noti ya kwanza ya sehemu inayofuata, maana vidole hukwama kwenye maungio. Tafuta mwendo unaoweza kukipiga bila kosa mara tatu zinazofuatana. Kama unakosea kwenye mapigo 96 kwa dakika ya metronomu, kile kifaa cha kupiga mwendo, teremka mpaka 60, hata 48. Hakuna aibu yoyote. Kosa likijitokeza, litafute kabla ya mahali linaposikika. Noti ya sita ikitoka vibaya, mara nyingi tatizo limeanzia kwenye ya nne, kidole gumba kilipochelewa kupita chini ya vingine na kiganja kikapinda ili kukifidia. Piga noti hizo mbili tatu peke yake, polepole, ukitazama kidole gumba tu. Halafu zirudishe kwenye kipande.

Ukishapata mara tano safi, acha. Najua mkono utatamani kuendelea, kwa sababu sasa ndipo raha inapoanza. Nenda kwenye kipande cha pili, kisha cha tatu, ndipo urudi kwenye cha kwanza. Dakika nne kwa kila kimoja, mizunguko mitatu, ni dakika 36, na hizo zinakutosha kwa siku. Unaporudi kwenye kipande usikimbilie kutazama karatasi: tulia kidogo, vione vidole mahali pake akilini, kisha piga. Ukikwama, ndipo utazame. Na kila siku, kabla ya jambo lolote lingine, piga kila kipande mara moja na uandike matokeo: safi, au kosa liko wapi. Jaribio hilo la kwanza likiwa safi siku mbili mfululizo, ongeza mapigo manne kwenye metronomu. Likiwa na kosa, baki hapohapo.

Wiki ya kwanza utajiona umerudi nyuma. Vikao vitakuwa vya kukwamakwama, hutasikia ule mtiririko wa mara ya 80, na utashawishika kurudia utaratibu wako wa zamani. Usihukumu kwa kikao. Hukumu kwa ile orodha ya majaribio ya kwanza baada ya siku kumi. Nikiri pia upande wa pili: kurudia mfululizo kuna nafasi yake. Siku ya kwanza kabisa, wakati bado hujui noti zenyewe wala kidole kipi kinakwenda wapi, kuchanganya vipande vitatu ni kujitesa bure. Rudia mfululizo mara kumi au kumi na tano mpaka umbo la kipande likae, kisha anza kuchanganya.

Daftari la mtihani ni habari tofauti, kwa sababu linategemea mfumo mwingine wa kumbukumbu. Tunalijua hili vizuri kutokana na Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutuliza kifafa. Aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ndani ya ubongo linalohusika na kumbukumbu, pande zote mbili, na tangu hapo hakuweza kushika matukio mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kwa siku tatu mkono uliboreka jaribio hadi jaribio, ingawa kila siku Molaison aliamini hajawahi kuliona zoezi hilo. Ujuzi wa kutenda una njia zake ubongoni, hasa kwenye viini vya ndani na kwenye ubongo mdogo wa nyuma. Habari za kueleza kwa maneno huhitaji hipokampasi. Ndiyo maana mtu huweza kupiga wimbo asioweza kuuandika, au kueleza kanuni asiyoweza kuitumia.

Mifumo hiyo miwili inakutana kwenye jambo moja: yote hunufaika na nafasi kati ya marudio, na yote hudanganywa na mazoea ya macho. Unasema ukiuona ukurasa unajua kilichoandikwa. Naamini. Lakini kutambua kitu kilicho mbele yako ni kazi nyepesi, tofauti kabisa na kukiita kitu ambacho hakipo. Mwaka 1979, Raymond Nickerson na Marilyn Adams waliwaomba Wamarekani wachore kwa kumbukumbu sarafu ya senti moja, sarafu ambayo kila mmoja wao alikuwa ameishika maisha yake yote. Wengi walishindwa kuweka maandishi mahali pake, na hata upande ambao uso unaelekea uliwachanganya. Walikuwa wameiona mara zisizohesabika, ila hakuna siku walipolazimika kuikumbuka.

Utafiti ninaoupenda zaidi katika eneo hili ulifanywa kwa lugha yetu wenyewe. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwapa wanafunzi wa chuo nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Wote walisoma orodha na kujaribiwa mpaka kila neno wakalipata angalau mara moja. Baada ya hapo makundi yakatengana. Wengine waliendelea kuyasoma maneno waliyokwisha kuyapata lakini hawakuulizwa tena. Wengine waliacha kuyasoma lakini wakaendelea kuulizwa. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kuulizwa walikumbuka kama theluthi moja, na hapo kusoma tena na tena hakukuwasaidia karibu chochote. Ajabu ni kwamba walipoombwa kukisia mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia nusu. Hisia ya "hili nalijua" haikuweza kutofautisha njia iliyofanya kazi na isiyofanya.

Kwa hiyo mara zako kumi za kusoma hazikupotea zote, ila kuanzia ya pili au ya tatu hazikukuongezea mengi. Badilisha kazi. Soma sehemu moja mara moja kwa makini. Funga daftari, chukua karatasi tupu, na kwa dakika kumi andika kila unachokikumbuka bila kuchungulia. Dakika mbili za mwisho zitakuwa chungu, kichwa kitaonekana kitupu. Usizikatishe, kwa sababu mara nyingi huko ndiko vitu viwili vitatu hujitokeza. Kisha fungua daftari na uweke alama nyekundu penye pengo au kosa. Soma mapengo hayo tu. Tengeneza swali kwa kila pengo, swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili, na liandike kwa namna ambayo mtihani ungeuliza: "Kwa nini hatua hii hutangulia ile?" badala ya "Taja hatua." Ukilijibu swali sawasawa leo, usiitupe kadi. Hilo ndilo lililowaangusha wale wanafunzi walioacha kuulizwa maneno waliyokwisha kuyapata.

Kuhusu nafasi za kurudia, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Alikuta kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimsaidia sawa na marudio 68 yaliyorundikwa siku moja. Kwa mtihani ulio mbali miezi miwili, rudi kwenye kila sehemu kesho yake, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya siku kumi hivi, halafu baada ya wiki tatu. Usirudi mapema kiasi kwamba jibu bado linaelea, wala usichelewe mpaka lipotee kabisa. Ukiona unapata karibu kila kadi bila kufikiri, ongeza nafasi. Ukikosa zaidi ya nusu, punguza. Na usikeshe. Kumbukumbu za mchana huimarishwa usiku, kwa hiyo saa saba za usingizi ni sehemu ya masomo, na mtu anayekata mbili ili asome mara ya kumi na moja anatoa kilicho bora kununua kilicho hafifu.

Siku 21 zilitoka wapi? Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura nchini Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno "angalau" likadondoka njiani, na sura ikageuzwa kuwa mazoea ya kila aina. Phillippa Lally na wenzake jijini London walipowafuatilia watu 96 wakijaribu kujenga tabia moja ya kila siku, muda wa katikati ulikuwa siku 66, na tofauti ilianzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo. Lakini tabia na ustadi ni vitu viwili. Tabia ni kuketi kwenye piano bila kujishurutisha, na hiyo hujengwa kwa kuifunga kwenye jambo lisilobadilika, kwa mfano mara tu baada ya kuosha vyombo vya jioni. Ustadi ni kinachotokea ukishaketi, nao unataka uwe macho kabisa.

Hizo saa 10,000 zinatokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin. Bora kabisa kati yao walikuwa wamefikisha wastani wa takriban kiasi hicho walipokuwa na miaka 20. Ulikuwa wastani, maana yake baadhi walikuwa chini na baadhi juu, na Ericsson hakuwahi kuuita kizingiti. Alichosisitiza ni aina ya mazoezi: yenye lengo dogo, yenye kusahihishwa, yenye mapumziko. Wewe hutafuti ajira kwenye okestra. Iache hesabu hiyo.

Na umri? Miaka 41 inapunguza kidogo kasi ya kushika mambo mapya, haizimi uwezo. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia watu wazima wakijifunza mitaa ya London ili wapate leseni ya teksi, kazi inayochukua miaka mitatu hadi minne. Waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilionekana kuongezeka. Kwa walioshindwa haikuongezeka. Kinachostahili kukupeleka kwa daktari ni tofauti na ulichoeleza: kupotea njia unayoijua, kuuliza swali lilelile mara kadhaa kwa saa moja, kushindwa na hesabu za nyumbani ulizozizoea, au familia kuona mabadiliko kabla yako. Usahaulifu uliokuja pamoja na huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi, uchovu usioisha au dawa mpya nao uchunguzwe, kwa sababu upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi dundumio, kwa mfano, hupatikana kwa vipimo vya damu na hutibika.

Sasa mkono, ambao ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote. Mwili nao una kikomo cha marudio katika kila kikao. Hata mfupa: kwenye majaribio ya wanyama, Clinton Rubin na Lance Lanyon walikuta kwamba mfupa ukishabebeshwa mzigo mara 36 kwa siku, mara zaidi hazikuongeza ukuaji. Kano, yaani zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, hujirekebisha polepole kuliko misuli, kwa sababu damu inayozifikia ni chache. Misuli ikikuambia iko tayari, kano huenda bado.

Maumivu upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kwa mtu anayerudia mwendo mmoja mara mia, yanaweza kuwa ugonjwa wa De Quervain. Kano mbili za kidole gumba hupita kwenye ala moja nyembamba, kama kisu kwenye ala yake, juu ya mfupa wa kifundo. Zikisuguana mno, ala hunenepa, njia husonga, na kila ukibana kitu, ukifungua kifuniko au ukiinua sufuria, unasikia mchomo. Madaktari hupima kwa kukunja kidole gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Mchomo mkali hapo huelekeza kwenye ugonjwa huo. Usijipime tena na tena nyumbani, maana kipimo chenyewe kinaichokoza ala na huuma kidogo hata kwa mkono mzima.

Wiki tatu zinatosha kukufanya umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia sasa. Mpaka siku hiyo acha kile kipande, na punguza kuperuzi simu kwa kidole gumba, ambako nako huweza kuzichokoza kano hizo. Matibabu kwa kawaida huanza na banzi linalotuliza kifundo na kidole gumba kwa wiki kadhaa na kubadilisha namna ya kutumia mkono. Sindano ya steroidi huwasaidia wengi. Upasuaji ni kwa wachache waliobaki. Usisubiri miadi ikiwa mkono umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto, hasa ukiwa na homa: nenda siku hiyohiyo. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ni tatizo jingine, la neva iliyobanwa kwenye kifundo, nalo lisicheleweshwe ukianza kuangusha vitu.

Kuna hali moja ya kuiogopa zaidi ya maumivu, nayo haiumi. Kidole kinaanza kujikunja au kukataa kutii, kwenye ala ya muziki tu, huku kazi nyingine zote kinazifanya vizuri. Hiyo ni distonia ya wanamuziki, na humpata takriban mmoja kati ya mia ya wanaopiga kama kazi. Marudio mengi yanayofanana yanaweza kufanya maeneo ya vidole kwenye ubongo yaingiliane mpaka mipaka yao ifutike. Mpiga piano Leon Fleisher alipoteza namna hiyo matumizi ya mkono wake wa kulia miaka ya 1960, akakaa miongo mingi akipiga kwa mkono wa kushoto. Mwanamuziki anayeona dalili hiyo silika yake ni kufanya mazoezi zaidi, na ndilo jambo baya kuliko yote analoweza kufanya. Hapo acha kabisa na umwone daktari wa mishipa ya fahamu.

Wakati mkono umepumzika, piano haijafungwa. Mwaka 1995, Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwalinganisha watu waliofanya zoezi la vidole vitano kwenye piano kwa siku tano na wengine walioliwaza tu bila kusogeza kidole. Ubongo wa waliowaza ulibadilika kwa namna inayokaribia ya waliopiga. Walipiga vibaya zaidi siku ya tano, lakini kikao kimoja cha kupiga kikawainua mpaka kiwango cha wenzao. Keti, funga macho, pita kwenye kipande kwa mwendo wa polepole, sikia kila noti na kila kidole kwa zamu yake. Dakika kumi zinachosha kweli, usizidishe. Utakapokwama akilini, hapo ndipo ulikuwa hujui, hata vidole vilipokuwa vikipita.

Ukiruhusiwa kurudi, anza na dakika tano kwa siku, mwendo wa pole, bila vipande vinavyotanua kidole gumba. Maumivu ya kiwango cha 2 kati ya 10 yanavumilika iwapo yameisha kufikia asubuhi. Yakifika 4, au yakikusubiri asubuhi, rudi hatua moja nyuma na upumzike siku nzima. Ongeza dakika tano tu baada ya siku tatu tulivu, na hata utakapofikia zile dakika 36, simama kila baada ya dakika 12 uilegeze mikono pembeni kwa dakika mbili kabla ya mzunguko unaofuata.